Mahali pa Kufunga Kamba Motokari Inapozama Matopeni

Labda utashangaa kuona maneno ya kamba na motokari katika kitabu cha afya. Umezoea kusoma hapa habari za malaria, na maji ya kuchemsha, na chakula cha watoto wachanga. Lakini mimi mwuguzi nimekwisha kufunga vidonda ambavyo havikutoka kwa ugonjwa wo wote. Vilitoka kwa chuma kilichoruka barabarani siku ya mvua, kwa sababu kamba ilifungwa mahali pasipofaa.

Nitaeleza habari ya siku moja. Ilikuwa mwezi wa kumi, nasi tulikuwa tukimleta mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa tangu siku mbili. Tulipita barabara ya msituni, upande wa Mambasa. Wote waliopita huko wakati wa mvua wanaujua udongo ule, na mashimo yanayochimbwa na kamioni, hata mtu akisimama ndani huonekana kichwa tu. Motokari yetu, Land Cruiser ya hospitali, ikakaa kwa tumbo. Magurudumu yote manne yalizunguka bure.

Kamioni ya wafanya biashara ilikuwa nyuma yetu. Shofere wake alikuwa mtu wa moyo mwema; akatoa kamba nene ya nailoni. Shofere wetu akaitia katika boli ya chuma iliyo nyuma ya motokari, ile ya kukokotea remorki. Nikamwuliza, “Hapo patashika?” Akajibu, “Mama, hiki ni chuma kizima, hakiwezi kuvunjika.” Kamioni ikarudi nyuma kwa nguvu, motokari ikatikisika tu. Wakalegeza kamba, wakavuta mara ya pili kwa mbio zaidi. Tukasikia mlio kama wa bunduki. Boli ilikuwa imekatika shingoni, ikaruka pamoja na kamba. Kijana wa kijiji aliyekuja kutusaidia kusukuma alikuwa amesimama karibu na kamba. Mfupa wa mguu wake, chini ya goti, ulivunjika ukatokea nje ya ngozi.

Tulitoka matopeni baadaye kwa majembe na matawi ya miti, tukiwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Mama alizaa salama usiku ule. Kijana alilala hospitalini miezi minne, na mpaka leo anachechemea. Chuma kile kilipita chini. Kama kingalipita juu kidogo, tungalichukua maiti.

Basi, kwa nini chuma kizito namna ile kilikatika? Wengi hudhani kwamba uzito wa chuma ndio nguvu yake. Sivyo. Boli ya remorki hutengenezwa kwa kazi moja: kukokota remorki inayofuata polepole juu ya barabara. Mara nyingi imeandikwa tani 3.5 juu yake, na mtu akisoma hivyo husema, “Motokari yangu ni tani 3, basi yatosha.” Lakini hesabu ile ni ya remorki yenye magurudumu yanayozunguka. Haikuandikwa kwa ajili ya motokari iliyoshikwa na matope na kuvutwa kwa mshindo.

Na mshindo ni jambo kubwa. Fikiri motokari ya kilo 3,000 inayokwenda mwendo wa kilometa 10 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia pole. Ikisimamishwa ghafula na kamba, nguvu iliyo ndani yake ni kama kuiinua motokari ile sentimeta 40 na kuiangusha chini. Ukiongeza mwendo ufike kilometa 20, nguvu haiwi mara mbili, bali mara nne: ni kama kuiangusha kutoka kimo cha zaidi ya mita 1 na nusu. Nguvu hiyo yote hupita katika chuma kile kidogo ulichokifungia kamba. Tena kamba ya nailoni huvutika kama mpira wa manati. Chuma kikikatika, manati hiyo hukitupa, na mtu hana nafasi hata ya kuinamisha kichwa. Katika nchi ya Australia, ambako wengi husafiri jangwani na pwani kwa motokari za namna hii, watu wameuawa na boli za remorki zilizoruka hivyo hivyo, wengine wakiwa wamekaa ndani ya motokari.

Kwa hiyo usifunge kamba katika boli ya remorki kamwe. Usiifunge katika pareshoki, wala katika vyuma vya ngao ya mbele, isipokuwa fundi aliyevitengeneza ameweka hapo mahali pa kuvutia na kupaandika. Usiifunge katika resori, wala katika vyuma vya usukani, wala katika ekseli ambako mabomba ya breki hupita. Nimeona motokari iliyotolewa matopeni vizuri sana, watu wakapiga makofi, kisha ikateremka mlima bila breki.

Kuna mahali pengine panapodanganya hata mashofere wa siku nyingi. Ukilala chini ya motokari nyingi utaona mbele au nyuma pete ndogo za chuma, au ndoano nyembamba zilizopindwa. Shofere huzitazama na kusema, “Kiwanda kimeziweka, basi ni za kuvutia.” Lakini nyingi ziliwekwa kwa safari ya meli. Motokari ilipotoka ng’ambo, ilifungwa kwa pete zile isiteleze melini. Kuizuia motokari iliyotulia na kuing’oa kutoka matope ni kazi mbili mbalimbali. Na ile pete ya kuskurubu inayokaa katika mfuko wa vyombo vya motokari mpya ni ya kukokota motokari mbovu barabarani, kwa upole, mahali palipo sawa. Kwa matope haifai.

Mahali pa kweli pa kuvutia ni sharti pashikwe na shasi yenyewe, ule uti wa mgongo wa motokari. Ni chuma kinene, kimeshikwa kwa bolti mbili au zaidi. Tazama vichwa vya bolti hizo: zilizo na nguvu zimeandikwa 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na namba usiiamini. Chuma chenyewe kiwe kimeandikwa tani kinazoweza kubeba. Ndoano iliyochomelewa kando ya barabara na fundi asiyejulikana, hata ikiwa nene kama mkono, hatuwezi kujua moyo wake. Kisha tazama shasi inayoizunguka, kama ina kutu au ufa. Chuma kizuri juu ya shasi iliyooza kitang’oka pamoja nayo.

Ikiwa kuna mahali pawili mbele, kushoto na kuume, tumia pote pawili, kwa mkanda unaounganisha pande zote mbili, ili shasi isipindwe upande mmoja. Mkanda huo usiwe mfupi. Ukiwa mfupi hutanuka sana, na kila upande hubeba nguvu zaidi kuliko ulivyodhani.

Neno moja juu ya zile pete za chuma zenye umbo la herufi U na pini ya kuskurubu, zinazounganisha mkanda na motokari. Nzuri zimeandikwa tani 3.25, yenye pini ya milimita 19, au tani 4.75, yenye pini ya milimita 22. Zile za sokoni zisizo na maandishi zifunge mbuzi. Kaza pini mpaka mwisho, kisha uirudishe kidogo, la sivyo itakwama. Ukiwa na mikanda miwili mifupi, usiiunganishe kwa pete ya chuma katikati. Mkanda ukikatika, pete ile ni risasi. Wala usipige fundo, maana fundo hupunguza sana nguvu ya mkanda. Mnyororo na kamba ya chuma havivutiki. Vifae kuvuta polepole tu, bila mshindo.

Lakini kabla ya kamba, jembe. Ukiondoa matope mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la motokari, na kutoa watu na mizigo, utahitaji nguvu ndogo zaidi, na mara nyingine hutahitaji kamba kabisa. Najua mvua inanyesha na mgonjwa analia. Hata hivyo, siku ile nusu saa ya kuchimba ingaliokoa mguu wa mtu.

Jambo gumu kuliko yote ni watu. Motokari ikizama karibu na kijiji, watoto hukusanyika kama kwenye arusi. Shofere asivute mpaka mtu mmoja mwenye sauti amewaondoa wote. Wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba: kamba ya mita 9, basi mita 14 au zaidi. Wakae upande, wala si katika mstari wa kamba, mbele wala nyuma. Asiwepo mtu anayeruka juu ya kamba. Wagonjwa watoke motokarini na kuketi mbali chini ya mti. Asiyeweza kutembea achukuliwe kwa machela.

Haya yote hayatafutwi usiku, matopeni, kwa tochi yenye betri zinazokufa. Chagua siku ya jua. Lala chini ya motokari pamoja na shofere na fundi, mkatafute mahali penu pa kuvutia na kupajaribu kwa mkono, mkasome maandishi. Mkiona hakuna, mwambieni mwenye motokari anunue vyuma vya kufaa kabla ya mvua kuanza. Sisi tulipaka rangi nyeupe mahali pawili pa mbele na pamoja pa nyuma, ili hata shofere mgeni apaone gizani bila kuuliza.

Nayo boli ya remorki tuliyopewa badala ya ile iliyokatika haikai tena nyuma ya motokari yetu. Imo ndani ya sanduku la vyombo, imefungwa kwa kitambaa, na shofere huitoa siku ya kwenda kuchukua saruji tu.