Plasma 6 Ikizingua, Usiformati Kwanza

Manze, unaapgredi desktopu usiku, asubuhi unaiwasha inakuja na sura ingine. Paneli imehepa, wolpepa ni nyeusi tii, ile wijeti ya hali ya hewa imegeuka boksi ya makosa, na madirisha zinatetemeka. Wasee wengi hapo huamua moja kwa moja: hii kitu imededi, wacha niformati. Mimi nasema zii. Mara nyingi lapi iko fiti na desktopu mpya iko fiti. Ngori iko kwa setingi zako za kitambo, zile ulivuka nazo.

Nabonga hasa na wasee wa KDE Plasma, juu ndio desktopu naipenda na naijua. Plasma 6 ilitoka tarehe 28 Februari 2024, na haikuwa apdeti ya kupaka rangi tu. Msingi wote ulihama kutoka Qt 5 ukaenda Qt 6, na Wayland ikachukua kiti ya X11 kama njia ya kawaida ya kuchora vitu kwa skrini. Fedora 40 ilikuja nayo Aprili mwaka huo. Kubuntu 24.04 ilibaki na Plasma 5.27, na Debian 12 pia, so wasee wa hizo mbili wamekutana na hii noma baadaye, wakihamia Kubuntu 24.10 ama Debian 13 ya Agosti 2025. Halafu kuna mbogi imeingia Linux juzi juu Windows 10 ilikatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na ile ThinkPad ya eksi-UK walibuy tao ni ya kitambo sana, haikubali Windows 11. Hao apgredi yao ya kwanza kubwa bado iko mbele. Nataka iwapate wakiwa na rada.

Kwanza, tenga kitu imeharibika na kitu imebadilishwa tu. Ukigonga faili mara moja ikose kufunguka, hiyo si bagi. Plasma 6 ilihamia kugonga mara mbili, na unaweza rudisha ya zamani kwa setingi. Paneli ikiwa inaelea kedo juu ya ukingo wa skrini, hiyo pia waliamua iwe hivyo.

Sasa kama ni ngori ya ukweli, kuna testi moja naiaminia kuliko zote. Tengeneza akaunti mpya kwa hiyo hiyo lapi, toka kwa yako, ingia kwa hiyo mpya. Haimalizi data, haifuti kitu. Kama huko kila kitu kinaslaidi poa, basi umejua: Plasma haina shida, shida iko kwa folda yako ya nyumbani. Kama hata huko skrini inatetemeka, basi cheki draiva ama paketi za sistemu. Hii testi inakukatia nusu ya kazi, na inaniuma nikiona msee akifuta kila kitu bila kuijaribu.

Ukishajua ni setingi zako, ingia `~/.config`. Paneli na wijeti zako zote zimeandikwa kwa faili inaitwa `plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc`. Usiifute. Isongeshe kwa folda ingine, halafu toka uingie tena. Plasma ikikosa hiyo faili inajitengenezea mpya, paneli inarudi. Kama shida ni monita ya pili kukaa pahali haifai ama saizi ya maandishi kuruka, songesha `kwinoutputconfig.json`. Songesha faili moja, testi, ndio uguse ingine. Ukisongesha kumi mara moja utapona, lakini hutajua ni gani ilikuwa inakuchoma.

Wijeti za kudownload ni stori yao. Zile ziliandikwa za Plasma 5 haziwaki kwa 6 mpaka mwenye aliziandika azibadilishe. Cheki `~/.local/share/plasma/plasmoids`, toa zile za kitambo, tafuta kama kuna toleo jipya. Wasee wa GNOME, ile desktopu ingine ya Linux, wanaijua hii maumivu vizuri: GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadilisha vile ekstensheni huandikwa, na zote za kitambo zikagoma hadi zikaandikwa upya.

Na themu, tafadhali, chunga. Machi 2024 msee mmoja aliinstall themu nzima kutoka stoo ya KDE, na skripti iliyokuwa ndani ikamfutia faili zake. KDE wenyewe walitoa onyo. Themu nzima inaweza beba kodi inayorani kwa mashine yako, so ukiwa bado unatafuta ngori, rudi kwa Breeze ya kawaida. Bakapu ya picha na kazi zako iwe kwa diski ya nje kabla uguse chochote.

Wayland ndio inasumbuanga wasee wa gigi za onlaini. Uko kwa miting na klayenti wa majuu, unashea skrini, anaona giza. Hapo cheki kama `xdg-desktop-portal-kde` na PipeWire ziko na zinarani. Maandishi yakiwa na ukungu kwa programu fulani ukiwa umeweka skeli ya 125 ama 150, mara nyingi hiyo programu inapitia XWayland, ile daraja ya programu za X11, na zingine zina swichi ya kutumia Wayland moja kwa moja. Na kama una kadi ya NVIDIA na picha zinatetemeka, hakikisha draiva ni 555 kwenda juu na Plasma ni 6.1 kwenda juu, juu hapo ndio pande zote mbili zilianza kuelewana kuhusu ni saa ngapi fremu iko tayari. Ukiwa na dedilaini kesho, chagua sesheni ya X11 pale pa kuingilia. Kama haiko, cheki kama distro yako bado inaitoa, uiinstall. Maliza kazi, lipwa, halafu urudi utafute shida na akili imetulia.

Feni ikipiga kelele siku ya kwanza, cheki Baloo, ile inapangaga faili zako ili uzitafute haraka. Andika `balooctl6 status`. Kwa lapi yenye diski ya kuzunguka inaweza lemea kila kitu, na kuizima ni sawa kabisa.

Stima ikipotea katikati ya apgredi ndio noma ya ukweli. Data ikiisha si mbaya sana, juu kwa Kubuntu na Debian, apt hudownload kila kitu kwanza ndio ianze kuinstall. Lakini mashine ikizima paketi zikifunguliwa, desktopu inaweza kosa kuwaka. Bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia, urani `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Mara nyingi inajimalizia pale iliachia.

Na ukikuta bagi iko hata kwa akaunti mpya, iripoti bugs.kde.org. Andika toleo la Plasma, kadi ya picha, kama ni Wayland ama X11, na hatua zile zinaileta. Wasee wengi wanaojenga Plasma wanajitolea, na hawana lapi yako mkononi. Ripoti yako ndio macho yao, so chukua hiyo dakika kumi uwaandikie vizuri.