Redio ya Taa Iliyolala Miaka Mingi

Mtu akiokota redio ya zamani ghalani, moyo humsukuma kuifuta vumbi, kuichomeka ukutani mara moja na kutega sikio. Ndivyo tulivyofanya sisi wenyewe siku moja na redio ya marehemu baba mkubwa. Ilinguruma kidogo, ukatoka moshi, kisha kimya. Transfoma ilikuwa imeungua, wala hatukupata nyingine. Basi twataka kueleza namna wanavyofanya mafundi wenye subira, na mfano wetu ni redio moja ya Marekani ambayo wengi huko bado wanaitengeneza kwa mapenzi.

Mwaka wa 1958 serikali ya nchi ile iliwafungulia raia wa kawaida njia 23 katika mawimbi ya megahezi 27, ili mkulima aweze kusemezana na nyumbani kwake, na fundi na karakana yake. Redio hizo huitwa CB, yaani redio za raia. Nguvu inayofika kwenye antena ni kama wati 3 tu, sawa na dinamo ya baiskeli! Zile za kwanza, kama Viking Messenger ya kiwanda cha E. F. Johnson huko Waseca, Minnesota, zilitumia taa za kioo, ambazo uzi wake huwaka mwekundu ndipo sauti isikike.

Msomaji atauliza: kama nguvu ni ndogo hivyo, hatari iko wapi? Iko ndani ya kisanduku. Taa hizo hazifanyi kazi ila kwa umeme mkali, volti 200 na zaidi. Umeme huo huhifadhiwa katika vikopo viitwavyo kapasita, nao hubaki humo hata waya ukiisha kuchomolewa. Umeme wa namna hiyo waweza kuua. Kwa hiyo fundi hutoa kwanza umeme uliobaki kwa kuupitisha katika rezista, huupima kwa mita, na mkono mmoja huuweka mbali na chombo. Kijana asiyefundishwa asikifungue kisanduku peke yake.

Kapasita hizo ndizo zilizotuponza sisi. Ndani yake mna karatasi ya alumini yenye ngozi nyembamba mno izuiayo umeme, pamoja na maji ya dawa. Redio ikilala miaka mingi, dawa hukauka na ngozi hudhoofika. Ukiitia umeme wote kwa ghafula, kapasita hupitisha umeme ovyo, hupata moto, pengine hupasuka. Na transfoma, ikivutwa kupita nguvu yake, huungua. Mafundi wengi hawabahatishi: huzitoa zote na kulehemu mpya. Twaona wana haki, kwa maana kapasita ni rahisi kupata kuliko transfoma ya mwaka wa 1960.

Hata baada ya hayo hawaichomeki moja kwa moja. Huweka katika njia ya umeme balbu ya wati 40 au 60, ile ya zamani yenye uzi, hivi kwamba umeme wote wa redio upite kwanza ndani yake. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kudumu hivyo, kuna kosa ndani, zima upesi. Ikiwaka kisha ikafifia, redio yaamka salama. Tena tusisahau: redio ya Marekani hutaka volti kama 120, yetu ya ukutani ya volti kama 230 itaimaliza.

Linabaki jaribio la kusema. Kamwe usibonyeze kitufe cha maikrofoni pasipo antena, kwani nguvu isiyo na njia ya kutokea huharibu taa ya mwisho. Wala mtu asiseme hewani kabla ya kujua sheria ya nchi yake. Fundi hufunga mahali pa antena balbu ndogo, kama ile ya kumulika uso wa redio, ndipo abonyeze. Balbu huwaka. Kisha husema neno lolote katika maikrofoni, hata jina lake tu, na kwa kila neno ile balbu huzidi kung'aa.