Je, Wajua? Mothabodi Haiji Peke Yake

Je, wajua kwamba gharama ya kubadili mothabodi mara nyingi haiko kwenye mothabodi yenyewe? Iko kwa wapambe wake. Bodi mpya inachagua prosesa, inachagua aina ya RAM, na wakati mwingine inaikataa hata pawasaplai uliyonayo. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake hakutajii bei kabla hajakuuliza una prosesa gani.

Je, wajua kwamba prosesa inaweza kuingia kwenye soketi vizuri kabisa na kompyuta isiwake? Mwaka 2015 Intel walileta kizazi cha 6 kwenye soketi ya LGA 1151. Mwaka 2017 wakaleta kizazi cha 8 kwenye soketi yenye idadi ileile ya pini, lakini kazi za baadhi ya pini zilikuwa zimebadilishwa. Ukiweka prosesa ya kizazi cha 8 kwenye bodi ya kizazi cha 6, inakaa, kifuniko kinafunga, unabonyeza swichi, kimya. Muuzaji akikuhakikishia kwamba "1151 ni 1151 tu", mwombe akuwashie palepale dukani.

AMD walienda njia nyingine. Ryzen za kwanza za soketi ya AM4 ziliingia sokoni Machi 2017. Januari 2024, wakati soketi mpya ya AM5 ilishatoka, bado walikuwa wakitoa prosesa mpya ya AM4, Ryzen 7 5700X3D. Bodi nyingi za mwaka 2017 zinazipokea Ryzen za mfululizo wa 5000 ukisasisha BIOS kwanza, ingawa bodi ya bei ya chini kabisa isibebeshwe prosesa yenye njaa kubwa ya umeme. Kwa mwenye mfuko mwembamba, sioni habari kubwa kuliko hii: huenda bodi unayotaka kuitupa haina kosa lolote.

Je, wajua kwamba AMD waliwahi kuazimisha wateja prosesa? Mwaka 2018, mtu aliyenunua Ryzen mpya pamoja na bodi iliyokaa dukani muda mrefu alijikuta kwenye kitendawili: bodi haiwaki mpaka BIOS isasishwe, na BIOS haisasishwi mpaka bodi iwake. AMD wakawa wanamtumia mteja prosesa ya muda. Anasasisha, kisha anairudisha. Siku hizi bodi kadhaa zina kitufe nyuma kinachosasisha BIOS kwa flashi tu, hata bila prosesa. Ukipata bodi yenye kitufe hicho kwa nyongeza ndogo ya bei, lipa.

Tuje kwenye kompyuta za ofisi, zile Dell na HP zilizostaafu Ulaya na kujaa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli. Ni mashine ngumu na bei yake ni ya haki. Lakini je, wajua kwamba nyingi hazikutengenezwa ili ubadilishe bodi? Bodi ya kawaida ya ATX, mpango ulioletwa na Intel mwaka 1995, hupokea umeme kwa plagi kubwa ya pini 24. Dell OptiPlex 9020 ina plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawasaplai za namna hiyo hutoa volti 12, na bodi yenyewe ndiyo inayotengeneza volti 5 na volti 3.3. Bodi ya kawaida haijui kufanya hivyo. Ongeza matundu ya skrubu yasiyolingana, waya wa swichi wenye plagi ya kampuni peke yake, na zile kesi nyembamba zisizomeza bodi ya kawaida hata ukiisukuma kwa goti. Hesabu yake ni rahisi: kubadili bodi humo ni kununua bodi, pawasaplai na kesi, yaani karibu kompyuta nzima.

Na adapta? Zipo, bei rahisi, lakini nyingi zimetengenezwa ili pawasaplai ya kawaida iendeshe bodi ya Dell au HP. Soma maelezo vizuri kabla hujaagiza. Wewe huenda unataka kinyume chake.

Je, wajua kwamba RAM za DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini haziingiliani? Pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi, maana DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 volti 1.1. Hata hivyo, kwa prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi 14, soketi LGA 1700, viwanda vilitengeneza bodi za aina mbili: za DDR4 na za DDR5. Mwenye DDR4 zake nzima anaweza kupanda hadi kizazi cha 14 bila kununua RAM hata moja. Zamani hilo lilikuwa jambo dogo. Tangu mwishoni mwa 2025, baada ya vituo vya akili unde kuanza kufagia chipu za RAM na bei kuruka, si dogo tena.

Je, wajua maana ya herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel, kama i5-12400F? Haina sehemu ya kutoa picha. Bei inashuka kidogo, na bila kadi ya picha skrini inabaki nyeusi. Ryzen nyingi za AM4 zisizo na herufi G ziko hivyohivyo. Watu wamerudisha bodi nzima dukani kwa sababu ya herufi moja.

Je, wajua kwamba Windows huitambua kompyuta hasa kwa mothabodi yake? Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa kwenye bodi ile. Ukiibadili, leseni kwa kawaida haikufuati. Iliyonunuliwa peke yake inahamishika, na ni busara kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla hujashika bisibisi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, bodi mpya itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike karatasini mapema.

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta. Wengi wamekimbilia kununua bodi kwa sababu hiyo. Ngoja kwanza: kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, TPM mara nyingi imo ndani, imezimwa tu kwenye BIOS. Kuiwasha ni bure.

Je, wajua kwamba bodi za bei poa zina historia ya vituko? Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya bodi za 486 ziliuzwa na chipu za kache ambazo zilikuwa plastiki tupu, na BIOS ikarekebishwa idanganye kwamba kache ipo. Miaka michache baadaye ikaja balaa ya kapasita mbovu zilizovimba na kupasuka. Mwaka 2005 Dell walitenga dola milioni 300 kutengeneza au kubadili kompyuta zilizoathirika. Ukinunua bodi ya mtumba, angalia vichwa vya kapasita. Kichwa bapa, endelea; kilichotuna, rudisha.

Betri ya bodi, CR2032, inajieleza yenyewe: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Saa ikirudi nyuma kila ukizima kompyuta, badili betri hiyo kwanza. Hiyo si bodi kufa.

Je, wajua kwamba kijiguu kimoja kilichozidi kinaweza kuizuia bodi isiwake, hata kuiunguza? Vile vijiguu vinavyoinua bodi juu ya kesi vinatakiwa kukaa chini ya matundu ya skrubu tu. Bodi ya microATX, milimita 244 kwa 244, ina matundu machache kuliko ATX kamili. Fundi mwenye haraka huviacha vijiguu vya zamani, kimoja kinagusa mgongo wa bodi, shoti. Na ukitoa kipoozeo cha prosesa kwenye AM4, kipashe joto kwanza kisha kizungushe kidogo kabla ya kukivuta. Krimu iliyokauka kati yake na prosesa hung'oa prosesa na pini zake hata soketi ikiwa imefungwa.

Je, wajua kile kifuniko cha plastiki kinachorukia pembeni unapoweka prosesa kwenye bodi mpya ya Intel? Usikitupe. Viwanda vingi vikipokea bodi ya waranti bila kifuniko hicho, na pini za soketi zimepinda njiani, havitengenezi kitu bure.