Umeshtakiwa Texas, Unaishi Ohio: Njia Ipi ni Nafuu?

Tuseme unaishi Columbus, Ohio, na uliuza gari lako kuukuu kwa dola 9,000. Mnunuzi alitoka Houston, akalikagua, akaliendesha mtaani, akalipa taslimu palepale uani kwako, akaondoka nalo. Miezi sita baadaye unagongewa mlango na kukabidhiwa hati ya wito: unadaiwa dola 40,000 katika mahakama ya Texas kwa kuwa injini imekufa. Madai hayana kichwa wala miguu. Lakini siku zimeshaanza kuhesabiwa.

Kunyamaza huonekana ni bure, kumbe ndiyo njia ghali kuliko zote. Kwa kesi ya kiasi hicho Texas hukupa siku 20, kisha hadi Jumatatu inayofuata saa nne asubuhi. Ukikabidhiwa hati Jumatano, siku ya 20 itaangukia Jumanne, na Jumatatu inayoifuata ndiyo mwisho wako. Ikipita bila jibu, mdai anaweza kupewa hukumu ya upande mmoja. Ibara ya Nne ya Katiba ya Marekani inayataka majimbo kuheshimu hukumu za majimbo mengine, hivyo hukumu hiyo inaweza kusajiliwa Ohio na mshahara wako ukakatwa. Hapo utaweza kubisha tu kwamba Texas haikuwa na mamlaka juu yako. Habari ya injini hakuna atakayeisikiliza tena.

Njia ya pili ni kujijibia mwenyewe kwa fomu ya bure ya kukanusha madai. Hapa ndipo watu wengi waaminifu wanapoumia, na inaniuma kila nikisikia. Tangu kesi ya International Shoe ya mwaka 1945, Mahakama Kuu ya Marekani inataka mdaiwa awe na uhusiano wa kutosha na jimbo analoshtakiwa. Wewe uliuzia uani kwako Ohio. Hoja yako ina nguvu. Ila Kanuni ya 120a ya Texas inataka pingamizi la mamlaka liwe la kiapo na litangulie jibu lingine lolote. Ukiwasilisha kwanza ile fomu ya kukanusha, basi umejipeleka mwenyewe Texas.

Kwa hiyo mimi ningelipia wakili wa Texas kwa kazi hiyo moja tu. Mawakili wengi hukubali kazi ya kipande, mradi mwandikiane mipaka yake. Piga hesabu: kwa dola 300 kwa saa, pingamizi la saa 10 ni dola 3,000. Kuipigania kesi nzima kwa saa 60 ni dola 18,000, mara mbili ya bei ya gari. Na Marekani, kwa kawaida, hata ukishinda wakili wako unamlipa mwenyewe. Huduma ya chama cha mawakili cha Texas hukuunganisha na wakili kwa nusu saa kwa dola zisizozidi 20. Anza hapo, siku ileile ya kupokea hati.

Kuihamishia kesi mahakama ya shirikisho haiwezekani hapa, kwani madai ya watu wa majimbo tofauti lazima yazidi dola 75,000. Bima ya nyumba kwa kawaida haigusi ugomvi wa mauzo, ila wapigie simu watu wa bima. Wakikubali, wakili watamlipa wao.

Kuna pia Kanuni ya 91a, ya kuomba madai yasiyo na msingi yatupwe. Iombwe ndani ya siku 60 tangu ukabidhiwe madai, na haiui pingamizi la mamlaka. Ina makali pande zote: jaji anaweza kuamuru aliyeshindwa alipe wakili wa mwenzake, na aliyeshindwa anaweza kuwa wewe.

Mdai akitaka mpatane kwa dola 1,500, usikimbilie kulipa kabla pingamizi halijawasilishwa. Likishaingia, naye lazima amlipe wakili wake ajibu, na bei yake huanza kushuka.