Kabla ya Kununua Dawa, Geuza Jani

Anayelima sukuma wiki nyuma ya nyumba akikuta vidukari wamejazana chini ya jani hukimbilia duka la pembejeo. Tunamwomba kwanza atazame kwa makini.

Miongoni mwa vidukari hao mara nyingi huwamo waliovimba, wakakauka na kuwa na rangi ya kahawia. Hao wamekwisha kufa. Nyigu mdogo sana, asiyemuuma mtu, ametaga yai ndani ya kila mmoja. Buu aliyeanguliwa amemla kidukari kutoka ndani, na baada ya siku chache atatoka akiwa nyigu kamili, aende kutafuta windo jipya. Kando yao huenda akaonekana mdudu mweusi mrefu mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo. Wengi humponda, maana sura yake haivutii. Kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na hula vidukari kwa makumi kila siku.

Dawa nyingi za wadudu hazichagui. Huua vidukari na walinzi pamoja, lakini vidukari huzaliana upesi zaidi, nao hurudi kwenye tuta lisilo na mlinzi. Dawa hupigwa tena, na mboga huchumwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kupita. Hapo ndipo afya ya mlaji huhatarishwa.

Walinzi hawa wamewahi kuokoa chakula cha mamilioni ya watu. Katika miaka ya 1970 kidugamba wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini bila maadui wake wa asili, akaangamiza mashamba. Mwaka 1981 watafiti walimpata nchini Paraguay nyigu anayemshambulia. Alichunguzwa karantini, kisha akaachiliwa Nigeria na baadaye katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Uchunguzi huo ni wa lazima, kwa kuwa mdudu mgeni aweza kuwa msumbufu mpya. Usiingize wala usinunue wadudu hai kwa muuzaji asiye na kibali.

Vidukari wachache waponde kwa vidole au waoshe kwa maji. Acha mashina machache ya giligilani yachanue, kwani nyigu hao hujilisha kwenye maua yake. Ikilazimu kununua dawa, dai iliyosajiliwa, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma.