Ukungu wa Nje na Ukungu wa Ndani: Unyevu katika Nyumba za Theta

Neno 'ukungu' lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Kwanza, ni mvuke unaotanda juu ya ardhi alfajiri yenye baridi. Pili, ni koga inayoota juu ya mkate, nguo au ukuta wenye unyevu. Mkazi wa Theta, katika eneo la Juja, Kaunti ya Kiambu, hukutana na maana zote mbili katika kipupwe cha Juni hadi Agosti. Ni rahisi kudhani kwamba ukungu wa pili huletwa na ule wa kwanza. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake kimo ndani ya nyumba yenyewe.

Kupika, kuoga, kuanika nguo chumbani na hata kupumua huongeza mvuke hewani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10, hubeba gramu 9 tu. Mvuke unaozidi kiwango hicho hugeuka matone penye baridi zaidi, hususan chini ya mabati, ambayo hupoa upesi usiku.

Ili kuhifadhi joto, wenye nyumba wengi huweka dari. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mvuke hupenya kwenye nyufa za dari, hugusa mabati na kurudi kama matone. Iwapo juu ya dari pametandazwa kihami kama vile sufi ya kioo, nacho hulowa na kupoteza uwezo wake, kwa kuwa maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Hapana budi, basi, kuzingatia mambo matatu. Mosi, viungo vya dari vizibwe barabara. Katika nchi za baridi kali kama Kanada na Ufini, karatasi ya plastiki huwekwa upande wa kihami unaoelekea chumba chenye joto, ili mvuke uzuiwe kabla haujafika penye baridi. Pili, nafasi iliyo kati ya dari na paa iachiwe matundu pande mbili, hewa ipite. Tatu, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kwa matambara.

Jambo hili la tatu ni suala la uhai. Jiko la makaa likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini. Aidha, koga huwazidishia taabu wenye pumu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba hana budi kutofautisha ufa wa dari, unaostahili kuzibwa, na tundu la hewa, lililowekwa makusudi na mjenzi.