Ruhusa Ikatangulia Sheria

Programu ya M-Pesa haikuandikwa Nairobi. Iliandikwa Cambridge, Uingereza, na mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Nairobi ilitoa uamuzi. Mapema 2007, Benki Kuu, pale Haile Selassie Avenue, iliiandikia Safaricom kwamba haina pingamizi. Sheria ya malipo ilipitishwa 2011.

Barua hiyo haikuwa ya kufumba macho. Ilikuja na sharti: kila shilingi inayosomeka kwenye simu iwe na shilingi halisi iliyolala benki, katika akaunti ya amana ambayo Safaricom haiwezi kuitumia wala kuikopesha. Kampuni ikianguka, pesa za mama mboga zingali zake. Mabenki yalinung'unika, Wizara ya Fedha ikaagiza ukaguzi mwishoni mwa 2008, huduma ikaendelea.

Intaneti nayo ilihitaji mkono wa serikali. Hadi 2009 tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu vilevile: jumla kilomita 144,000, safari inayochukua takriban nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Ukurasa mmoja wa mtandao huhitaji maombi mengi, na nusu sekunde hizo hujumlishwa. Kwa kuchoka kuungoja mradi wa kikanda wa kebo ya baharini, EASSy, serikali iliungana na kampuni za simu kulaza kebo ya TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa. Mwaka 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, na waunda programu wakapata mahali pa kukutana.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo sera ilipopumzika mapema mno. Vijana hao wa iHub walitaka programu zao zipokee malipo, lakini kuziunganisha na M-Pesa kulikuwa kazi ngumu. Wengi waliishia kulinganisha kwa mkono namba za SMS na majina ya wateja. Daraja, mfumo wa Safaricom uliorahisisha kazi hiyo, ulitoka 2017. Miaka kumi! Benki Kuu iliyodai akaunti ya amana ingeweza kudai na hilo.

Mamlaka ya mapato, KRA, jirani ya Benki Kuu katika Times Tower, imefanya tofauti. Ilipoanza kuzitaka biashara zitoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wake wa kielektroniki, iliruhusu pia programu za kampuni nyingine kuunganishwa na mfumo huo. Agizo moja limezalisha wateja, na kazi ya kuwahudumia inaweza kufanywa na waunda programu wa hapa hapa.